Povu na Doa la Wino

Ukimuuliza Povu kwa nini anaitwa Povu, atakwambia ni kwa sababu ya sabuni. Amekuwa dobi tangu akiwa na miaka kumi na sita, na kwa muda mrefu aliamini kabisa kwamba mtaa ulimpa jina hilo kwa kuiheshimu kazi yake. Ilimchukua miaka minne kugundua kwamba jina lilitokana na mdomo wake. Povu hupanda karai zima, likang'aa, ukadhani kuna rundo la nguo humo ndani. Ukilipuliza unakuta soksi moja. Alipolijua hilo hakukasirika. Alisema tu, "Angalau soksi yenyewe ni safi."

Duka ni la mjomba wake. Ni chumba kimoja chenye meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi lililoungua sehemu tatu, na zote tatu aliziunguza Povu, nyuma kuna ua wenye makarai manne na kamba sita. Ukutani pana kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya buluu: HAKUNA DOA LISILOTOKA. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizobanana kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, pana maneno mengine mawili: ULIZA KWANZA. Wateja wapya hudhani ni wao wanaoambiwa. Wanakosea. Maneno yale Povu alijiandikia mwenyewe, mwaka ule wa kimbunga.

Kimbunga kilipiga alfajiri. Mtaa wa juu kiling'oa mabati na kulaza nguzo za umeme. Mtaa wa bondeni, kando ya mto, kiliondoka na nyumba zenyewe. Kufika saa nne asubuhi familia zaidi ya arobaini zilikuwa zimeingia shule ya msingi na vitu walivyoweza kubeba: huyu sufuria, yule redio isiyo na betri, mwingine mlango wa nyumba yake, maana ndicho kitu pekee alichokuta kimesimama. Madawati yakasukumwa ukutani, magodoro yakatandikwa chini, na kila darasa likawa na ukoo mzima uliokuwa haujuani jana yake.

Vijana wa mtaa walikusanyika wenyewe, hakuna aliyewaita. Kiongozi akawa fundi simu, binti mwembamba mwenye kibanda kilichopakana na duka la mjomba. Hakuchaguliwa. Ni kwamba katika vijana wote ishirini na kitu, yeye tu ndiye aliyekuja na daftari.

Povu alikuja na mipango. Njia nzima alikuwa amejiona juu ya paa, kamba kiunoni, mtoto begani, umati chini ukishangilia. Picha hiyo ilikuwa na kasoro moja ndogo: maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni yale yanayofika kwenye viwiko.

"Niweke kwenye uokoaji," alimwambia fundi simu.

"Unaogelea?"

"Mimi huwa najifunza haraka."

"Waokoaji wameshakwenda, Povu. Kuna nguo zimejaa matope, watoto wanatetemeka. Wewe ni dobi au si dobi?"

Povu alijisikia kama askari aliyepewa ufagio. Alisonya, akakunja suruali, akaenda nyuma ya madarasa palipokuwa na bomba. Lakini kazi unayoijua haikuachi ukae na ghadhabu kwa muda mrefu. Kufika adhuhuri alikuwa ameshafunga kamba kutoka mti hadi mti, ameazima makarai kumi na moja, amewapanga vijana wenzake katika mstari, huyu anasuuza, huyu anakamua, huyu anaanika, naye katikati anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Kila nguo aliitia alama kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi au pindo, kama madobi wanavyofanya: mshono mmoja mshazari ni darasa la kwanza, miwili ni la pili, msalaba ni la tatu. Wino huchuja, mjomba wake alimfundisha hivyo tangu siku ya kwanza, lakini uzi hukaa.

Fundi simu alimpa sharti moja tu. "Usiguse nguo ambayo mwenyewe hajakukabidhi mkononi. Hawa watu hawana kitu. Hicho kidogo walichonacho, waachie wakishike wenyewe."

"Sawa kabisa," akasema Povu. Ndivyo anavyolikubali kila jambo ambalo hajalisikiliza.

Haki yake apewe: kwa siku mbili haikupotea hata leso. Bibi mmoja alipopokea gauni lake likiwa safi na limepigwa pasi, alilinusa, akalia, akamwambia Povu Mungu ampe mke mwema. Mambo yakaharibikia hapo. Sifa zikampanda kichwani, akaanza kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akipita dirisha hadi dirisha kutafuta kazi inayolingana na kipaji chake. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilikuwa inavuma tangu asubuhi.

Siku ya tatu matope yalikuwa yamekwisha na jua limetoka. Povu alipita dirisha la darasa la tano, akaona shati la shule limetundikwa kwenye msumari. Lilikuwa jeupe, kavu, halina tone la tope, isipokuwa ndani ya pindo, lililokuwa limegeuka nje, ambako palikuwa na mstari mzima wa wino wa kalamu. Matope hata mvua inayatoa. Wino ndio unaomtenga dobi na mtu mwenye ndoo.

Mwenye shati alikuwa Mama Pacha, na wakati ule alikuwa kwenye foleni ya maji. Alikuwa mwanamke mkimya, hakuombaomba, hakulalamika, alikaa pembeni mwa darasa na binti yake wa miaka tisa. Watu wote walimwita Mama Pacha, Povu naye alimwita hivyo hivyo siku tatu, "Shikamoo Mama Pacha, umeamkaje Mama Pacha," na katika siku hizo tatu akili yake haikuwahi kumwuliza mbona pacha anamwona mmoja tu.

Akalitungua shati.

Akaligeuza pindo, akakuta tarakimu, zimeandikwa kwa haraka, zimelaliana. Akacheka. Aliujua mchezo huo. Yeye mwenyewe, alipokuwa darasa la sita, aliandika jedwali la nane ndani ya mkono wa shati ili aibie kwenye mtihani wa hesabu, akafeli vilevile kwa sababu woga ulimtoa jasho na jedwali likayeyuka. Basi akawaita wenzake, wakaja na kina mama wachache, akawatolea hotuba fupi kuhusu uaminifu wa watoto wa siku hizi. Halafu akaanza kazi.

Alitandika kitambaa chini ya pindo, akalowesha pamba kwa spiriti, akagusa, hakusugua. Dobi mjinga husugua. Tarakimu moja baada ya nyingine zilihama kutoka kwenye shati zikaingia kwenye kitambaa, nyingine kwa hiari, nyingine kwa vita. Zilizokaidi akazitia ndimu na chumvi, akazianika juani, akarudia. Ilichukua saa nzima. Mwishoni akaliinua shati kwenye mwanga, akauliza, "Nani ataniambia hapa palikuwa na nini?"

Hakuna aliyeweza kumwambia.

Mtandao wa simu, uliokuwa umekatika tangu kimbunga kipige, ulirudi dakika ile ile. Simu zikaanza kulia uwanja mzima, ujumbe wa siku tatu ukiingia kwa pamoja. Watu wakapiga kelele za furaha. Na kwenye foleni ya maji Mama Pacha akaiacha ndoo yake, akakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Aliingia darasani, akatoka, akazunguka, akamkuta Povu nyuma ya madarasa akiwa ameshalipiga shati pasi na kulikunja, analishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

Mama Pacha akalichukua, akalifunua pindo. Akaangalia. Akaangalia upande wa pili. Akarudi upande wa kwanza. Binti yake alikuwa amemfuata, naye akachungulia chini ya mkono wa mama yake.

"Mama," akasema yule mtoto, "amemfuta dada."

Hapo ndipo Povu alipoelezwa, na kila neno lilimwingia. Asubuhi ya kimbunga lilipita gari moja la mizigo bondeni, limejaa. Dereva alikubali kumchukua bibi, mama yake Mama Pacha, aliyekuwa anaumwa, na mtoto mmoja wa kumshika asianguke. Akasema atarudi kuwachukua waliobaki. Gari lilivuka daraja, na nyuma yake daraja likaenda na maji. Kabla hajaondoka dereva aliomba mahali pa kuandika namba yake. Kila kitu kilikuwa kimelowa, isipokuwa mfuko wa plastiki wenye mashati ya shule ya mapacha. Akaandika kwenye shati la yule aliyempakia. Tangu hapo Mama Pacha alikuwa anasubiri mtandao. Shati lilikaa kwenye msumari mahali pakavu, juu ya kichwa chake, na kila asubuhi aliligeuza pindo akalitazama. Majina ya waliovuka mto hayakuwa yamefika. Hakuna aliyejua kule ng'ambo wamepelekwa wapi.

Povu alisubiri atukanwe. Aliomba moyoni atukanwe. Mama Pacha alilikunja shati taratibu, akasema, "Basi, mwanangu. Hukujua." Kisha akaketi chini palepale, kwenye maji ya sabuni.

Povu alikwenda akajificha nyuma ya tangi la maji, na nia yake ilikuwa akae huko mpaka azeeke. Aliona aibu ambayo hajaiona kabla wala baada. Kila alipofumba macho alimwona mtoto asiyemjua, amesimama ng'ambo ya mto, anafifia kuanzia miguuni kwa spiriti na pamba.

Mjomba wake alimkuta huko. Alikuwa ameleta mkaa wa pasi, na habari alikuwa ameshazisikia getini.

"Nimefuta mtoto wa watu, mjomba."

"Nimeambiwa." Mzee akaweka mkaa chini, akaketi juu ya gunia. "Hebu niambie, yule mteja aliyekuja siku moja kabla ya kimbunga, mwenye koti la kijivu. Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Koti lake lilikuwa na nini?"

"Mafuta ya baiskeli, kiwiko cha kushoto, na kahawa mfukoni. Kahawa ilikuwa ya zamani kuliko mafuta."

"Mpwa wangu, kichwa chako hakishiki jina, hakishiki ushauri, hakishiki hata saa ya kufungua duka. Kinashika madoa. Haya, doa la leo lilitokaje?"

Povu akamtazama. Halafu akafumba macho, na vidole vikaanza kutembea hewani, vinagusa, havisugui.

Wakaingia darasa la tano. Fundi simu akasimama ubaoni na chaki. Hakumkaripia Povu, alimwangalia tu kama anavyoiangalia simu iliyoingia maji.

"Mbili za mwanzo ni zile za mtandao, ziko kwenye kila namba," Povu alisema, macho bado yamefumbwa. "Ya tatu ni nne, ilikuwa na pembe kali, nilianza na pembe. Halafu mbili, nyepesi. Halafu moja. Halafu saba, ile saba ilikuwa na mkia mpaka kwenye mshono, ilinitoa jasho, niliitia ndimu mara tatu. Halafu sita. Halafu... tatu. Ndiyo, tatu."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Zilizobaki mbili?"

Povu akafumbua macho. "Zilikuwa pembeni, wino haukukolea. Zilitoka kwa mguso wa kwanza. Sikuziangalia hata. Niliona haziniwezi."

Ubaoni palikuwa na tarakimu nane na nafasi mbili tupu. Fundi simu akapiga hesabu: nafasi mbili zina namba mia moja. Akawaita vijana kumi, msusi na kinyozi wa mtaa wakiwemo, akaleta simu zote za kibandani zilizokuwa zinangoja kutengenezwa, zenye vioo vilivyopasuka, moja haina kioo kabisa, akampa kila mmoja namba kumi. Akawaandikia pia maneno ya kusema, ili wasipoteze muda. Aliyatunga yeye, na Povu hana shaka kwamba aliyafurahia.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mchana kweupe, uwanja mzima wa shule ukajaa sauti kumi zinazosema kwa pamoja: "Samahani kwa usumbufu. Kuna dobi mmoja mjinga amefuta namba ya simu kwenye shati la mtoto, tunatafuta dereva aliyevusha watu siku ya kimbunga." Msusi aliyasema akiwa chini ya ngazi. Kinyozi aliyasema akizunguka mlingoti wa bendera, na kila mara alilivuta lile neno mjinga kidogo kuliko ilivyohitajika. Na Povu, ambaye naye alipewa namba zake kumi, aliyasema mara kumi kwa kinywa chake. "Dobi mwenyewe ni nani?" mama mmoja akamwuliza. "Ni mimi, mama." "Pole baba," akajibiwa. "Lakini lilitoka vizuri?"

Wengine hawakupatikana. Wengine walitukana. Babu mmoja alikuwa peke yake siku tatu, akamshika msusi kwa maongezi ya robo saa. Jua likaanza kushuka, namba zikawa zinafutwa ubaoni moja moja, na Mama Pacha ameketi kwenye dawati la mbele na shati mapajani, anaangalia zinavyopungua. Ya mia ikafutwa. Hakuna dereva.

Povu alijua watu wanafikiria nini: kwamba kumbukumbu ya madoa ni povu kama mengine. Lakini yeye alijua zaidi yao. Tatu ile. Hakuwa na hakika nayo hata alipoitamka. Aliitaja kwa sababu fundi simu alikuwa anasubiri, watu wanamtazama, na yeye alikuwa ameanza kujisikia bingwa tena. Katika aibu yote ile, bado alikuwa amepata nafasi ya kujisifu. Akisema sasa, itajulikana kwamba amewapotezea watu mia moja muda kwa ajili ya kiburi. Asiposema, haitajulikana kamwe, na mtoto atabaki ng'ambo.

Mjomba wake alikuwa mlangoni. Hakuwa anajua lolote, lakini amemlea. "Mficha uchi hazai," alisema, kana kwamba anaongea na mkaa.

"Ile tatu," Povu akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Inawezekana ni nane. Kalamu ilikuwa imepita pale kidogo tu, upande wa kushoto, kama tatu inayotaka kufunga mdomo. Niliiona. Nilisema asilimia mia kwa sababu... kwa sababu mimi ndivyo nilivyo."

Fundi simu akaifuta tatu, akaandika nane, akawageukia wenzake. "Mia nyingine. Na maneno ni yale yale."

"Tuongeze 'mjinga mara mbili'?" kinyozi akauliza.

"Ongeza," akasema Povu.

Kinyozi ndiye aliyempata. Wote walitambua, kwa sababu kinyozi hanyamazi hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu, na ghafla alikuwa amenyamaza karibu na mlingoti, mkono umefunika sikio jingine. Kisha akaja mbio, simu ameinyoosha mbele. Dereva alikuwa amemkatiza kwenye neno shati. Alikuwa ameuliza, "Shati la shule? La pacha?"

Wakaiweka simu kwenye sauti ya juu, juu ya dawati la Mama Pacha. Bibi amelazwa, dereva akasema, ila anaendelea vizuri, jana ameomba uji. Mtoto yuko nyumbani kwake na mkewe, na anakula kuliko watoto wake wote wakiunganishwa. Tangu mtandao urudi hajaitua simu chini. Subiri, huyu hapa.

Kukawa na mkwaruzo, na pumzi ya mtoto karibu mno na simu.

"Mama?"

Mama Pacha alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Pacha aliyebaki akajibu kwa niaba yake, "Tupo." Kisha mapacha wote wawili wakasikilizana pumzi.

"Mama," ile sauti ikasema, "shati langu unalo?"

"Ninalo."

"Halijachafuka?"

Kwa mara ya kwanza tangu saa nane mchana, Mama Pacha aliinua uso akamtazama Povu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo wake umeanza kujikunja upande.

"Halijachafuka, mwanangu," alisema. "Limefuliwa. Limefuliwa mpaka basi."

Darasa lote likaangua kicheko, na Povu alicheka kuliko wote, mpaka akagundua kwamba yeye hakuwa anacheka. Alijifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya spiriti, jambo ambalo dobi wa miaka minane alipaswa kujua asilifanye, na macho yakamwasha kiasi kwamba fundi simu alilazimika kumletea maji.

Alipoweza kuona tena, alitoa sindano na uzi mwekundu. Namba ilikuwa ubaoni, kamili, tarakimu kumi. Akaenda mpaka kwenye dawati la mbele, akasimama, mikono amejiwekea kifuani ili isimponyoke.

"Mama," akasema, "naomba nikushonee namba hiyo kwenye pindo. Uzi hautoki. Lakini kama hutaki niliguse tena, nitakuelewa."

Mama Pacha alilitazama shati lililokuwa mapajani mwake. Alilikunja mara mbili, akalilainisha kwa kiganja, akalinyanyua, akamkabidhi mkononi.